Sitara ya Mali Katika Simu ya Mkononi

Mtu wa Afrika Mashariki atumiaye simu kutuma fedha, desturi iliyoanza Kenya mwezi Machi 2007 kwa M-Pesa na kufika Tanzania mwaka uliofuata, amezoea siri ya namna moja na kukosa siri ya namna nyingine, wala aghalabu hajapata sababu ya kuzitenga mbili hizo akilini mwake. Jirani yake hawezi kuliona salio lake, wala mwenye duka alipwaye shilingi elfu mbili hawezi kujua kama mlipaji amebakiwa na elfu kumi au milioni kumi; lakini kampuni ya simu yajua yote, tangu jina lake kamili na namba ya kitambulisho chake hata saa aliyotoa fedha na wakala aliyemhudumia. Sarafu ya Bitcoin, iliyoelezwa mwezi Oktoba 2008 na mtu au watu waliojiita Satoshi Nakamoto, na kuanza kazi Januari 2009, iligeuza mambo hayo kichwa chini miguu juu: haimwulizi mtu jina, lakini kila muamala huuandika katika daftari moja lisilofutika, lililo wazi kwa walimwengu wote, ambalo mwenye intaneti aweza kulisoma tangu mstari wa kwanza.

Katika miaka ya mwanzo wengi walidhani kuwa kutoandikwa jina ni sawa na kufichika, na dhana hiyo imewaponza wema na waovu pamoja. Anwani ya Bitcoin ni mfuatano wa herufi na tarakimu usiosema lolote, lakini ikisha kufungamanishwa na mtu mara moja tu, kwa kununua sarafu katika soko lidailo kitambulisho au kwa kuagiza bidhaa iliyoletwa mlangoni pake, historia yake ya nyuma na ya mbele hudhihirika. Mwezi Mei 2021 kampuni ya Colonial Pipeline ya Marekani ililipa bitcoin 75 kwa wahalifu walioifungia kompyuta zake, na mwezi uliofuata serikali ya nchi hiyo ikatangaza kuwa imezifuata fedha hizo katika daftari na kuzirejesha 63.7. Hilo ni jema, wala sina la kulilaumu. Ila daftari halichagui msomaji. Mwezi Oktoba 2020, vijana wa Nigeria walipoandamana kupinga ukatili wa kikosi cha polisi cha SARS, akaunti za benki zilizopokea michango kwa mkono wa kundi la wanawake liitwalo Feminist Coalition zilifungwa, na wanawake wale wakageukia Bitcoin; nao ikawalazimu kutumia mtambo wa kubuni anwani mpya kwa kila mchango, kwa kuwa anwani moja iliyotangazwa ingeyaweka mapato na matumizi yao yote mbele ya macho ya wale wale waliokuwa wakiwakimbia. Na Januari 2025 huko Ufaransa, David Balland, mmoja wa waasisi wa kampuni ya Ledger itengenezayo vifaa vya kuhifadhia sarafu hizi, alitekwa, akakatwa kidole, na fidia ikadaiwa kwa sarafu za namna hiyo hiyo. Mali ionekanayo na kila mtu humwita mwizi pamoja na polisi.

Kwa ajili hiyo zikazuka sarafu za faragha, na kwa kuwa watu wengi wa leo hawana kompyuta zaidi ya ile iliyo mfukoni, zikaingia katika simu. Swali la makala haya ni hili: mtu akiwa na sarafu kama hiyo katika pochi ya simu yake, anayo faragha kweli, na faragha hiyo yatoka wapi? Rai yangu ni kwamba hisabati imekwisha kutimiza wajibu wake kwa namna ya kustaajabisha, na kwamba sehemu iliyobaki, ambayo ndiyo iamuayo hatima ya mtumiaji, iko katika simu yenyewe, katika mlango aliopitia kuingia na kutoka, na katika idadi ya watu wengine waliojisitiri pamoja naye.

Fikra ya fedha ya siri ni kongwe kuliko Bitcoin. Mwaka 1982 mwanahisabati wa Marekani David Chaum alionyesha jinsi benki iwezavyo kutia sahihi noti ya kielektroniki bila ya kuiona namba yake, hata noti ile itakaporudi benki isiweze kujua ilimtoka nani. Akaunda kampuni ya DigiCash mjini Amsterdam, nayo ikafilisika mwaka 1998. Udhaifu wa mfumo ule ulikuwa dhahiri: ulihitaji benki, na benki ikifa, fedha hufa nayo. Bitcoin iliondoa haja ya benki, lakini kwa gharama ya kuweka kila kitu wazi, kwa kuwa jamii ya watu wasiojuana haiwezi kuhakikisha kuwa hakuna aliyetumia sarafu moja mara mbili isipokuwa wote waione hesabu. Fumbo lililobaki lilikuwa hili: watu wote wawezeje kuhakiki hesabu wasiyoiona?

Fumbo hilo limepata majawabu mawili makubwa. La kwanza ni la Monero, iliyoanza mwezi Aprili 2014, ambayo humficha mlipaji katika kundi: kila sarafu inapotumiwa, sahihi yake hufanywa pamoja na nyingine 15 zilizookotwa katika daftari, na mtazamaji aona kumi na sita asijue ni ipi iliyotumika. Mpokeaji naye hufichwa kwa anwani itumikayo mara moja tu, na tangu mwaka 2017 kiasi chenyewe kimesitiriwa. La pili ni la Zcash, iliyozinduliwa tarehe 28 Oktoba 2016 juu ya msingi wa utafiti wa wanazuoni uliochapishwa mwaka 2014 kwa jina la Zerocash. Hii haimfichi mtu katika kundi dogo, bali humwezesha kutoa ithibati ya kihisabati kwamba fedha anazo, kwamba hajapata kuzitumia, na kwamba kilichoingia kimelingana na kilichotoka, bila ya kufichua hata moja katika haya: wala yeye ni nani, wala ampaye ni nani, wala ni kiasi gani. Anayehakiki huridhika pasipo kujua. Kwa wasioisomea hisabati jambo hili lafanana na muujiza, na hata kwa walioisomea ni miongoni mwa matunda mazuri kabisa ya elimu ya zama zetu.

Muujiza huo, hata hivyo, una deni lake, na mtumiaji wa kawaida apaswa kulijua. Panapofichwa kiasi, hufichika pia kughushi. Mwezi Machi 2018 Ariel Gabizon, mmoja wa wanahisabati wa kampuni iliyoiunda Zcash, aligundua kosa ambalo lingaliweza kumwezesha mjuzi kutengeneza sarafu bandia bila ya mtu yeyote kuziona. Wakalificha jambo hilo, wakalirekebisha kimya kimya katika mageuzi ya Oktoba mwaka ule, wakalitangaza Februari 2019 wakisema hawakuona dalili ya kuwa kosa hilo lilitumiwa. Ulinzi uliopo ni kwamba daftari huhesabu jumla ya sarafu ziingiazo na zitokazo katika kila bwawa la sitara, yaani fungu la sarafu zilizofichwa, na ikitokea kwamba zimetoka nyingi kuliko zilizoingia, mlango hufungwa. Ni ulinzi wa kweli, ila ni ulinzi wa jumla, si wa kila sarafu. Katika Bitcoin kosa la namna hiyo lingeonekana na mtu yeyote ajuaye kujumlisha.

Sasa tuingie katika simu, ambamo mna mambo mengi kuliko yadhaniwavyo.

Zcash ilipozaliwa, muamala mmoja wa siri ulihitaji kumbukumbu ya kompyuta ya zaidi ya gigabaiti 3 na muda wa takriban sekunde 40. Simu za wakati ule hazikuwa na uwezo huo hata kidogo, na matokeo yake ni kwamba pochi nyingi za simu zilizodai kuitumia Zcash zilitumia anwani zake za wazi, ambazo hazitofautiani na za Bitcoin kwa lolote. Mtu alibeba sarafu yenye sifa ya siri, na mambo yake yote yakaandikwa hadharani. Mageuzi yaitwayo Sapling, ya Oktoba 2018, yaliteremsha mahitaji hayo hata megabaiti 40 hivi na sekunde chache. Hapo ndipo sitara ilipopata kuingia mfukoni. Na Mei 2022 yakaja mageuzi mengine yaliyoondoa haja ya ile hafla ya siri ya mwanzo, ambamo watu wachache walitengeneza vipande vya siri kuu kisha kuviharibu, na ulimwengu ukatakiwa uamini kuwa angalau mmoja wao alikiharibu chake.

Lakini kulipa ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kujua kama umelipwa, na hapa faragha yadai kodi yake kwa mwenye simu. Katika mfumo wa kawaida seva huliona jina lako au anwani yako, ikakuletea ujumbe: umepokea kiasi kadhaa. Katika mfumo wa siri seva haijui muamala upi ni wako, kwa kuwa laiti ingalijua, siri isingalikuwapo. Hivyo simu yenyewe haina budi kupakua muhtasari wa kila bloku, yaani kila fungu la miamala liongezwalo katika daftari, na kujaribu ufunguo wake juu ya kila muamala uliofanyika duniani, mmoja mmoja, hata iupate ule inaoweza kuufungua. Bloku mpya ya Zcash hutokea kila sekunde 75, yaani 1,152 kwa siku. Mtu asiyefungua programu yake kwa miezi miwili atakuta karibu bloku elfu sabini zikimngoja, na simu itafanya kazi, itapata moto, itakula bando na chaji, kabla ya kumwonyesha salio lake.

Udhaifu huu ulidhihirika vibaya tangu katikati ya mwaka 2022. Makato ya muamala wakati ule yalikuwa kiwango kimoja, sehemu ndogo mno ya senti, bila ya kujali ukubwa wa muamala. Akatokea mtu, ambaye hakujitambulisha, akaanza kulijaza daftari kwa miamala iliyobeba mamia ya malipo matupu yasiyo na faida kwa mtu yeyote. Hakuiba, wala hakuvunja fumbo lolote. Alilifanya daftari liwe zito tu, na uzito ule ukawaangukia wenye simu, ambao pochi zao zilibaki zikisoma kwa saa nyingi, na nyingine kwa siku, huku fedha zipo na wenyewe hawawezi kuzigusa. Kwa mtu aliyeweka akiba yake humo, tofauti baina ya fedha iliyopotea na fedha isiyoonekana ni ndogo sana. Dawa iliyopatikana mwaka 2023 ilikuwa ya pande mbili: makato yakafanywa yalingane na ukubwa wa muamala, na programu zikafundishwa kusoma kwanza bloku za karibuni, ili mtu aweze kutumia alicho nacho wakati historia yake ya zamani ikiendelea kusomwa. Ndiyo sababu pia programu hizi humwuliza mwenye kurejesha pochi kwa maneno yake 24 ya siri kwamba pochi ile ilizaliwa lini. Asiyekumbuka ataifanya simu ianze kusoma tangu zamani, na aliyeandika tarehe hiyo kando ya maneno yake amejiokolea siku nzima. Ni jambo dogo, na nadra watu kuambiwa mapema.

Monero ina adha zake nyingine. Fedha iliyopokelewa haiwezi kutumiwa hadi zipite bloku kumi, yaani dakika ishirini hivi, na kanuni hiyo huishika hata chenji. Mwenye sarafu moja kubwa katika pochi akinunua kitu cha thamani ndogo, chenji yake yote hufungika kwa muda huo, na akifika duka la pili atakuta salio analiona na kulitumia hawezi. Wazoefu huzigawanya fedha zao mapema vipande kadhaa, kwa kujitumia wenyewe. La maana zaidi ni kwamba pochi za simu za Monero ni za namna mbili, ambazo kwa macho hazitofautiani. Namna ya kwanza, ambayo Monerujo ya Android ni mfano wake, hufanya hesabu zote ndani ya simu, na nodi ya mbali, yaani kompyuta ya mtandao inayoiletea bloku, huijua anwani ya intaneti ya simu na saa iliyoomba, wala haipati ufunguo wowote. Namna ya pili huukabidhi ufunguo wa kutazamia kwa seva ya mtu mwingine, ili seva isome daftari kwa niaba ya mwenye simu. Namna hii ni nyepesi na ya haraka. Lakini mwenye seva huona kila fedha iingiayo, na mteja hana njia ya kujua iwapo ameyahifadhi aliyoyaona. Mtu aliyechagua sarafu ya siri kisha akaitumia hivyo, amemrudisha mwenye benki aliyemkimbia, tena asiye na leseni wala ofisi ya kwenda kumlalamikia.

Nimetaja anwani ya intaneti ya simu, na hapa kwetu neno hilo lina uzito wa pekee. Tanzania ilianza mwaka 2019 kusajili laini za simu kwa alama za vidole, na Januari 2020 laini zisizosajiliwa hivyo zikaanza kufungwa. Kwa hiyo kila bando lipitalo katika laini lina mwenyewe ajulikanaye. Hisabati ya Zcash haiwezi kuificha habari kwamba simu ya mtu fulani, saa nane usiku, iliwasiliana na seva ya Zcash. Yaliyomo katika mazungumzo hayaonekani. Kuwapo kwa mazungumzo kwaonekana. Zipo njia za kupitisha mawasiliano katika mtandao wa Tor, ufichao anwani ya mtumaji, na pochi kadhaa huziruhusu, ingawa huongeza uzito katika kazi ambayo tayari ni nzito. Kadhalika taarifa zile fupi ziibukazo juu ya kioo cha simu hupitia seva za Apple na Google, na Desemba 2023 Seneta Ron Wyden wa Marekani alitangaza kwa barua kuwa serikali zimekuwa zikidai habari za taarifa hizo kwa makampuni hayo mawili. Mwenye kutaka sitara na azizime.

Zaidi ya hayo kuna hatari za kila siku, ambazo kwa hakika zimewapokonya watu mali nyingi kuliko kuvunjwa kwa mafumbo yoyote. Maneno ya kurejeshea pochi hupigwa picha, na picha hujihifadhi yenyewe katika seva za mbali. Programu bandia hupewa jina na nembo ya programu ya kweli. Programu nyingine ovu hungoja mtu anakili anwani ya kupokelea, ikaibadili kwa anwani ya mwizi kabla hajaibandika. Katika Bitcoin aliyeibiwa angalau ataziona fedha zake ziendako. Katika sarafu ya siri hataona kitu. Ulinzi ule ule umsitirio mnyonge humsitiri na aliyemwibia, na asemaye vinginevyo hajasema kweli yote.

Tuje sasa kwenye mlango. Fedha haianzi ndani ya sitara. Huingia kutoka nje na siku moja hutoka. Mwaka 2018 watafiti wa University College London, wakiwamo George Kappos na Sarah Meiklejohn, waliisoma historia ya Zcash tangu mwanzo wake, wakaonyesha kuwa kundi ambalo mtumiaji alidhani amefichika ndani yake laweza kupunguzwa kwa asilimia 69.1, na hayo bila ya kuvunja hisabati hata kidogo. Walitazama tabia tu. Wachimbaji, yaani watengenezao bloku na kulipwa sarafu mpya, na waasisi waliingiza fedha katika bwawa la siri na kuzitoa kwa utaratibu uliojulikana. Na wengine waliingiza kiasi fulani na punde wakatoa kiasi kile kile upande wa pili. Mtu akiingiza sarafu 12.4731 asubuhi, na jioni zikatoka 12.4731, haihitajiwi elimu kubwa kuzijua. Monero nayo haikusalimika: uchunguzi uliochapishwa wakati huo huo ulionyesha kuwa katika miamala ya kabla ya Februari 2017, zaidi ya nusu ya sarafu zilizochanganywa ziliweza kutambuliwa, kwa kuwa watumiaji wengi wa mwanzo walichagua kutochanganya kabisa, na kila aliyejifunua aliwapunguzia sitara wale waliomtumia kama kivuli.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo hili, na ndipo ningependa msomaji akae kitambo. Buibui huwasitiri wanawake wa mtaa kwa kuwa wengi wamelivaa. Avaaye peke yake katika mji usiolijua ndiye atakayetazamwa kuliko wote. Monero ililitambua hilo ikaifanya siri kuwa sharti: tangu Septemba 2017 hakuna muamala wa kawaida wenye kuonyesha kiasi, na asiyejali hubebwa pamoja na ajaliye. Zcash iliacha hiari, kwa hoja kwamba watu na masoko wapewe nafasi ya kuchagua, na kwa miaka mingi sehemu iliyokaa katika sitara ilikuwa ndogo mno. Kilichobadili mambo ni muundo wa pochi. Programu ya Zashi, iliyotolewa mwaka 2024, humlazimisha mtu kuzihamishia fedha zake katika sitara kabla ya kuzitumia, na mwishoni mwa mwaka 2025 zaidi ya robo ya sarafu zote za Zcash zilikuwa zimekaa humo. Kitufe kimoja katika kioo cha simu kimeongeza faragha ya wengi kuliko hoja zilizoandikwa kwa miaka kadhaa. Naona fundi wa programu ya namna hii ana dhima ambayo hajaizoea: akiweka njia ya wazi kuwa ya kwanza, hajamdhuru mteja wake peke yake, amewadhuru na wateja wa wengine, asiowajua.

Kwa mkazi wa Dar es Salaam au Mombasa mlango una ugumu zaidi. Masoko makubwa yamekuwa yakiziondoa sarafu hizi: Binance iliiondoa Monero Februari 2024, na OKX ilikwisha kuzitangazia sarafu kadhaa za aina hii mwisho wake kabla ya hapo. Mara nyingi njia inayobaki ni kununua kwa mtu binafsi, na mtu huyo hulipwa kwa fedha ya simu, ambayo huandika jina la mnunuzi, saa na kiasi. Atakapotaka kununua unga au kulipa ada ya mtoto, mwenye sarafu atarudi kwa njia hiyo hiyo, na bei nayo itakuwa imepanda au kushuka katikati. Faragha yake, basi, ni chumba chenye milango miwili ya kioo. Ndani ni salama kabisa, mradi asiingie na kutoka kwa haraka na kwa kiasi kile kile.

Mintarafu ya sheria, maelekeo ya dunia ni ya kufunga. Masoko ya Japani yaliziondoa sarafu hizi mwaka 2018. Korea Kusini ilizipiga marufuku masokoni mwaka 2021. Dubai ilizikataza katika kanuni zake za Februari 2023. Na Umoja wa Ulaya umepitisha kanuni itakayoanza tarehe 10 Julai 2027, iwazuiayo watoa huduma kushika akaunti na sarafu zenye kuficha miamala. Huku kwetu, Benki Kuu ya Tanzania ilitoa tangazo Novemba 2019 kwamba sarafu za kidijitali hazikubaliki kisheria nchini, na hata hivyo sheria ya fedha ya mwaka 2024 ikaweka kodi ya zuio ya asilimia 3 juu ya malipo ya uhamishaji wa mali za kidijitali. Kenya ilitunga sheria ya watoa huduma wa mali hizo mnamo Oktoba 2025. Na huko Marekani waundaji wawili wa Samourai, pochi ya simu iliyowasaidia watumiaji wa Bitcoin kuchanganya miamala yao, walikamatwa Aprili 2024, wakakiri kosa la kula njama ya kuendesha biashara ya kuhamisha fedha bila leseni, na Novemba 2025 wakahukumiwa vifungo vya miaka mitano na minne.

Serikali zina hoja, na si hoja ya kubuni. Sehemu ya fidia za shambulio la kompyuta la WannaCry la mwaka 2017 ilibadilishwa kuwa Monero fidia hizo zilipohamishwa, na genge la REvil, lifungalo kompyuta za watu kwa fidia, lilifikia kudai Monero waziwazi. Lakini tafakari ni nani azuiwaye na kanuni zile. Kanuni ya Ulaya yamfunga mwenye soko, wala haiwezi kuifikia pochi ambayo funguo zake zimo katika simu ya mtu mwenyewe. Mhalifu mwenye ujuzi atapita kwingine, na atakayebaki nje ni mwandishi wa habari, mwanamke amfichaye akiba mume mpigaji, mfanyabiashara asiyetaka mshindani wake ajue amemlipa nani na kwa bei gani. Sioni uadilifu katika kipimo hicho.

Wala si kweli kwamba siri hizi haziwezi kufunguliwa kwa haki. Zcash huwa na ufunguo wa kutazamia, ambao mwenye pochi aweza kuutoa katika simu na kumkabidhi mkaguzi au mahakama, nao huonyesha miamala yake iliyoingia na kutoka bila ya kumpa ashikaye uwezo wa kutumia hata sehemu ndogo. Wa Monero huonyesha yaliyoingia tu, ila mlipaji aweza kutoa ithibati ya malipo fulani pekee. Chama cha ushirika chaweza kuweka hazina yake katika sitara na kumpa mweka hesabu ufunguo huo; mtoza kodi aweza kuudai kwa amri ya hakimu, kama adaivyo vitabu vya duka. Tofauti yake na daftari la wazi ni kwamba mwenye mali huulizwa, hujua ameulizwa na nani, na aweza kupinga mbele ya hakimu kabla ya kufungua. Mabunge yatungayo sheria hizi, ya Nairobi na Dodoma pia, yangefaa kuandika neno juu ya ufunguo huo: nani aweza kuudai, kwa amri ya nani, na kwa muda gani, maana ukisha kutolewa hauwezi kurudishwa, na aliyeupokea ataendelea kuona hadi siku mwenyewe atakapohamia pochi nyingine.